Pasi Nane na Moto Mmoja

Wapo watu wanaoamshwa na jogoo. Mzee Mstari hakuwa mmoja wao. Jogoo wa jirani yake aliwika baada ya kusikia kikohozi cha mzee huyo akifunga kamba za viatu.

Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza, alifungua mlango wa nyumba ya udobi kwa ufunguo wake mwenyewe. Lilikuwa jengo refu la matofali, lenye vyumba vitatu vikubwa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kufulia. Cha pili kilikuwa cha kukaushia. Cha tatu, chenye madirisha mapana kuliko yote, kilikuwa cha kupigia pasi, na hicho ndicho kilichokuwa chake. Jina la Mstari alilipatia humo. Suruali iliyopita mikononi mwake ilitoka na mstari ulionyooka kama kauli ya mtu mkweli.

Akishaingia, alivua koti na kulitundika kwenye msumari uleule. Kisha alitembea taratibu kando ya meza nane. Juu ya kila meza palikuwa na pasi ya umeme. Alibonyeza swichi moja baada ya nyingine, na kila mara alitamka neno moja.

"Amka."

Alilitamka mara nane. Taa nane ndogo nyekundu ziliwaka. Hapo Mzee Mstari aliketi juu ya kigoda, akakunja mikono, akawangoja wapiga pasi wenzake saba.

Wenzake walifika saa mbili. Nguo za kwanza zilizokauka zilifika saa nne. Pasi zilikuwa macho tangu saa kumi na mbili.

Hakuna aliyeuliza sababu. Ilikuwa sheria, na sheria haikuwa ya Mzee Mstari. Ilikuwa ya marehemu kaka yake, mwanzilishi wa nyumba hiyo. Marehemu mwenyewe aliiandika ukutani kwa rangi nyeupe, kwa herufi kubwa: MOTO USIFE.

Alipokuwa peke yake alfajiri, Mzee Mstari alipenda kuyatazama maneno hayo. Aliyaona tena yaliyopita. Aliziona pasi za mkaa, nzito kama mawe ya kusagia, zenye mfuniko wenye kishikizo cha mbao. Alimwona kaka yake akichutama, akipuliza makaa mpaka machozi yakamtoka. Pasi moja ilihitaji nusu saa kushika moto. Ukiiacha ikafa, umeipoteza nusu saa nyingine. Kwa hiyo marehemu alisimama katikati ya chumba na kunguruma: "Moto usife!" Nao wote, wakiwa vijana wenye mbavu zinazohesabika, walijibu: "Haufi!"

Siku hizi hakuna aliyejibu. Lakini Mzee Mstari aliitunza sheria, kama mtu anavyoitunza amana ya ndugu aliyesafiri.

*

Siku moja asubuhi, meneja aliingia katika chumba cha pasi. Meneja huyo alikuwa binti wa marehemu. Mzee Mstari alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo? Ulete hapa niupige pasi."

Tangu utotoni, binti huyo alizoea kucheka kwa utani huo. Siku hiyo hakucheka. Aliburuta kigoda, akaketi.

"Baba Mdogo, umeme unatumaliza. Miaka mitatu iliyopita tulifua nguo nyingi kuliko leo. Lakini yuniti tulizotumia zilikuwa nusu ya hizi za leo. Wateja nikiwapandishia bei, watahama. Nimefikiri sana, na nimeamua. Mwisho wa mwezi ujao nakifunga chumba cha pasi."

Mzee Mstari alidhani hakusikia vizuri.

"Unakifunga kwa kufuli?"

"Nakifunga kabisa. Tutafua na kukausha basi. Nguo zitarudi kwa wenyewe zimekunjwa tu."

"Zimekunjwa tu," mzee alirudia polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba watu sasa watatembea kwa magoti. "Na hawa wapiga pasi saba?"

"Nitatafuta maneno mazuri ya kuwaaga."

"Maneno mazuri hayaingii chunguni, mwanangu."

Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa wazi. Humo alikuwamo Bi Sabuni, mjane wa marehemu, mama yake meneja. Alikuwa mkuu wa kufua, na masikio yake yalikuwa makali kuliko sabuni yake. Alikuja huku akijifuta povu mikononi.

"Nani amekwambia pasi ndizo zinazokula umeme?" alimwuliza binti yake.

"Mama, nani asiyejua? Pasi ndizo zinazotoa moto."

"Umepima?"

Meneja alitikisa kichwa.

"Mganga hamkati mgonjwa mguu kabla hajaujua unaouma," Bi Sabuni alisema. "Mwite Fundi kwanza. Yule binti wa jirani yetu wa zamani, anayetengeneza umeme viwandani. Akisema ni pasi, basi fungeni. Shemeji yangu hapa atakuja kunisaidia kukamua matambara."

"Mikono yangu haijazoea kukamua matambara, Shemeji," Mzee Mstari alisema kwa ukali.

"Itazoea. Mimi nilizoea maneno yako."

*

Fundi alikuja siku ya pili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ovaroli la buluu na bisibisi mfukoni kama kalamu ya mwalimu. Aliwaamkia wazee kwa adabu. Kisha alitazama ua uliokuwa nyuma ya jengo, akatabasamu.

"Kamba za kuanikia ziko wapi? Nilipokuwa mdogo nilijificha katikati ya mashuka hapa. Mzee, ulinifukuza kwa fimbo ya mwavuli."

"Ulikuwa na mikono yenye matope," Mzee Mstari alijibu. Lakini moyo wake ulilainika kidogo.

Kamba hazikuwapo tena. Palikuwa na nguzo kumi za chuma zilizoshika kutu, na katikati yake palilundikwa mapipa matupu na mashine mbovu. Miaka mitatu nyuma zilinyesha mvua ndefu, nguo zikakataa kukauka. Meneja akanunua mashine kubwa ya kukaushia. Mvua zilikatika. Jua lilirudi. Kamba hazikurudi.

"Leo sitafungua wala kukata chochote," Fundi alisema. "Nataka kuona tu mnavyofanya kazi. Mnakula saa ngapi?"

"Saa saba kamili," alijibu mhudumu wa mashine ya kukaushia. Huyu alikuwa mwanamume mzima, baba wa watoto watano, aliyeitwa Mrefu kwa sababu aliinama kila mlangoni. "Hapa watu wanaweza kuchelewa kazini, lakini hawachelewi kula."

Saa saba ilipofika, kila mtu aliacha kazi akatoka na chakula chake. Fundi aliwazuia wanne: meneja, Bi Sabuni, Mrefu na Mzee Mstari. Akawapeleka kwenye ukumbi mwembamba, mahali ilipotundikwa mita ya umeme.

Ilikuwa mita ya zamani. Ndani ya kioo chake kilizunguka kisahani cha bati chenye alama moja nyekundu ukingoni.

"Kisahani hiki hakidanganyi," Fundi alisema. "Umeme ukitumika mwingi, kinakwenda mbio. Ukitumika kidogo, kinajikokota. Usipotumika, kinasimama. Sasa niambieni, nani anafanya kazi ndani humu?"

"Hakuna," meneja alijibu. "Wote wako uani wanakula."

"Basi hiki kinamkimbilia nani?"

Wote wakainamisha vichwa. Kisahani kilikuwa kinazunguka kama pia ya mtoto.

"Mzee, una saa mkononi. Hesabu mara ngapi alama nyekundu inapita kwa dakika moja."

Mzee Mstari aliinua saa yake. Alihesabu kwa sauti, kwa makini, kama alivyofundishwa kuhesabu shuleni. "Kumi na mbili," alisema mwishowe.

"Tukumbuke hiyo. Kumi na mbili, na hakuna anayefua hata leso. Sasa tuzime kitu kimoja kimoja."

"Pasi hazizimwi," Mzee Mstari alisema haraka, akionyesha chumba chake kwa kidole. "Imeandikwa."

"Sijasema pasi, Mzee. Tuanze na mashine ya kukaushia."

Mrefu alikwenda kuizima. Mzee alihesabu tena. Mizunguko sita.

"Nusu nzima!" meneja alishangaa. "Kulikuwa na nguo kiasi gani humo?"

Mrefu alijikuna shingo. "Hakukuwa na nguo."

"Uliacha mashine tupu inawaka?"

"Ili isipoe, Meneja. Na mimi nimeusoma ukuta. Moto usife."

Bi Sabuni alijifunika mdomo kwa kanga. Haikujulikana kama alicheka au alilia.

Walizima pipa la maji ya moto. Mizunguko mitatu na nusu. Walizima taa zilizowaka mchana kweupe na feni zilizowapepea viti vitupu. Mizunguko mitatu.

"Kila kitu tumekizima," Fundi alisema kwa upole. "Kimebaki chumba kimoja."

Wote walimtazama Mzee Mstari. Mzee alitazama kisahani.

"Kwa hiyo si pasi zinazokula umeme wote," alisema.

"Hapana, Mzee. Kati ya kumi na mbili, zimekula tatu. Ni robo. Mashine ya kukaushia imekula nusu. Meneja, ungefunga chumba cha pasi ungewafukuza watu saba na tatizo kubwa ungebaki nalo."

Meneja aliinama. "Ningekuwa nimekata mguu mzima," alisema.

"Lakini Mzee," Fundi aliendelea, "robo hiyo nayo imetumika bure. Pasi nane zimesimama zinajipasha moto zenyewe."

Mzee Mstari alijinyoosha. Alikuwa mtu mfupi, lakini akijinyoosha watu walirudi nyuma.

"Binti, sikiliza. Pasi ikizimwa, kuirudisha kwenye moto ni nusu saa. Pasi nane ni kazi ya chumba kizima. Nguo za wateja zitalala. Mimi nilishika pasi kabla wewe hujazaliwa."

"Nusu saa, Mzee?"

"Nusu saa kamili."

"Kuna pasi ya akiba mahali?"

Ilikuwapo moja katika kabati la chumba cha pasi, baridi kama samaki. Fundi aliiweka mezani, akachomeka plagi, akawasha swichi. Taa nyekundu iliwaka.

"Tazama saa yako. Taa ikizimika, pasi imeiva."

Walisimama wakiizunguka meza. Mrefu alikohoa. Bi Sabuni alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Taa ikazimika.

Mzee Mstari alitazama saa. Aliitoa mkononi, akaitia sikioni asikilize kama bado inatembea. Ilikuwa inatembea.

"Dakika ngapi, Shemeji?" Bi Sabuni aliuliza.

Mzee aliinamia pasi. Alilowesha ncha ya kidole, akaigusa pasi mara moja tu, kwa wepesi wa fundi wa zamani. Pasi ililia *chss*. Fundi akaizima. Aliirudisha saa mkononi, akatoka uani.

Hazikuwa zimetimia dakika tatu.

*

Aliketi juu ya pipa tupu katikati ya nguzo zenye kutu. Zamani, saa kama hizi, ua huu ulikuwa mweupe kuanzia ukuta hadi ukuta. Mke wake mwenyewe, ambaye sasa naye ni marehemu, alianika mashuka hapa, akiwa na vibanio vitatu mdomoni, na hata hivyo aliweza kuimba. Upepo ulipovuma, mashuka yalijaa kama vifua vya watu wanaotaka kusema jambo. Mzee Mstari alitoka na pasi mkononi kwa kisingizio cha kupepea makaa, ili amwone tu.

Miaka mingapi alikuwa ameziamsha pasi bure? Alijaribu kuhesabu, akaacha. Kilichomwuma si umeme. Kilichomwuma ni kwamba akizizima, atakuwa amemzima kaka yake kwa mara ya pili.

Bi Sabuni alikuja, akaketi kwenye pipa la pili. Alikuwa amebeba kitu kizito kilichofunikwa kwa kitambaa. Alikifunua. Ilikuwa pasi ya mkaa ya marehemu.

"Nilidhani iliuzwa kwa vyuma chakavu," mzee alisema.

"Niuze mkono wa mume wangu?" Bi Sabuni alimwekea pasi magotini. "Ifungue."

Aliufungua mfuniko. Ndani mlikuwa na majivu kidogo, yaliyokauka, ya mwaka gani, nani ajuaye. Harufu yake ilikuwa ileile.

"Shemeji," Bi Sabuni alisema, "unamkumbuka saa ya kula?"

"Nani?"

"Kaka yako. Saa ya kula alifanyaje?"

Mzee Mstari alianza kusema kwamba hakumbuki. Kisha mikono yake ikakumbuka kabla yake. Ilishika pasi kwa namna fulani, ikaiinamisha, kana kwamba inamimina.

"Alikusanya makaa," alisema polepole. "Alipita meza kwa meza na koleo. Aliyatoa makaa katika pasi saba, akayaweka yote katika moja. Hii hapa. Akayafunika kwa majivu ili yasiungue haraka. Tukala. Tukirudi, alipuliza mara mbili tu, akatugawia kila mtu moto wake."

"Pasi ngapi ziliwaka saa ya kula?"

"Moja." Alishika kishikizo cha mbao. "Moja tu, Shemeji. Moja iliwawekea moto wenzake saba."

"Na jioni?"

"Jioni aliyazima makaa kwenye kopo lenye mchanga, ili yatumike kesho. Kipande kidogo kama kidole alikiokota. Alisema mkaa ni mti, na mti hauoti kwa siku moja."

Sauti za wafanyakazi waliokuwa wakila ziliwafikia kutoka upande wa pili wa ua.

"Nimeyatunza maneno yake," Mzee Mstari alisema, "nikayaacha matendo yake. Aliposema moto usife, alikuwa anaogopa upotevu. Mimi nimeufanya upotevu kuwa sheria."

"Hukukusudia."

"Kutokusudia hakunyooshi shuka lililoungua." Aliinuka, pasi ya mkaa mkononi. "Twende."

Aliingia katika chumba chake. Fundi, meneja na Mrefu walikuwa bado wamesimama mlangoni. Mzee hakuwatazama. Alitembea taratibu kando ya meza nane, kama kila alfajiri, ila safari hii alianzia mwisho.

"Lala," alisema, akabonyeza swichi. "Lala."

Mara nane. Taa ambazo zilikuwa zikiwaka na kuzimika zenyewe zilizimika zote. Chumba kikawa kimya kwa namna ambayo hakikuwahi kuwa mchana. Mrefu alikimbia ukumbini, akagonga kichwa kwenye kizingiti, akapaza sauti huku akijishika paji la uso:

"Kimesimama! Kisahani kimesimama!"

Wapiga pasi waliporudi kutoka kula, mmoja wao alizitazama taa kwa hofu.

"Mzee, umeme umekatika?"

"Haujakatika," Mzee Mstari alijibu. "Umepumzika. Na wewe ulikuwa unapumzika, au sivyo?"

*

Fundi alikaa nao jioni hiyo na siku mbili zilizofuata. Hakuwaletea mashine mpya hata moja. Aliwafundisha kutazama.

Alimwonyesha Mrefu chujio la mashine ya kukaushia. Lilikuwa limezibwa na nyuzi za nguo, nene kama godoro. "Hewa haipiti, kwa hiyo mashine inahangaika mara mbili," alimwambia. "Lisafishe kila unapotoa nguo. Nguo zikamuliwe sana kabla ya kuletwa hapa. Maji unayoyatoa kwa kukamua hayahitaji moto wa kuyakausha. Na mashine tupu, usiiwashe."

"Hata ikiniomba?"

"Hata ikikulilia."

Kwa Bi Sabuni, Fundi aligusa pipa la maji ya moto, akauondoa mkono haraka. Joto lake lilikuwa linavuja nje usiku na mchana. Alilivika pipa blanketi maalumu lisiloshika moto, akabadilisha bomba lililokuwa likivuja. Kisha aliuliza ni nguo zipi zinazohitaji maji ya moto hasa. Bi Sabuni alifikiri. Nguo za zahanati, ndiyo, hizo hazina mjadala. Vitambaa vyenye mafuta, ndiyo. Lakini mashati ya watu wanaoketi ofisini?

"Wanachafua kola tu," alikiri. "Na kola inataka mkono, haitaki moto."

Katika chumba cha pasi, Fundi hakufundisha sana. Mzee Mstari ndiye aliyefundisha. Alikwenda kwa kaka yake kichwani mwake na kurudi na utaratibu. Asubuhi, pasi haitaamshwa mpaka kapu la nguo lifike. Nguo zikiwa chache, pasi mbili zitatosha. Zikiwa nyingi, zitaamka nne, kisha nane. Kila mtu ataanza na nguo laini zinazotaka moto mdogo, kisha apande hadi pamba nzito. Zikibaki leso na foronya za mwisho, atazima swichi na kuzimalizia kwa joto lililobaki.

"Joto lililobaki ni kama wali wa chini ya sufuria," aliwaambia wenzake. "Mjinga anaumwaga. Mwenye akili anaugombania."

Kazi iliyochukua muda zaidi ilikuwa ua. Wafanyakazi wote walitoa mapipa na mashine mbovu. Walisugua kutu. Meneja mwenyewe alifunga kamba mpya, na Fundi, aliyekuwa amemaliza kazi yake, alibaki kumshikia ngazi. Shuka la kwanza lilipopanda juu ya kamba, upepo ulilijaza mara moja. Fundi alitazama huku na huku, kisha akapita chini yake akikimbia, na ovaroli lake na bisibisi yake.

"Mikono!" Mzee Mstari alifoka kutoka dirishani.

"Safi, Mzee!" Fundi alijibu, akiionyesha.

Jua lilipowaka, walilitumia jua. Mvua iliponyesha, Mrefu aliwasha mashine yake, ikiwa imejaa, kwa muda unaotosha.

Ilibaki haja ya mtu wa kulinda utaratibu, maana watu ni wepesi wa kuanza na wepesi wa kusahau. Meneja aliuliza nani atasoma mita kila asubuhi na kila jioni, na kuandika. Wote walitazama upande mmoja. Mzee Mstari alinunua daftari lenye jalada gumu, akalipigia mistari kwa rula. Aliliweka kwenye rafu chini ya mita. Upepo wa ua ulipolifunua kurasa, alilikandamiza kwa pasi ya mkaa ya kaka yake. Baada ya miaka yote hiyo, pasi ile ikawa na kazi tena.

Namba zilipanda sana siku moja katika juma la pili. Mzee alizunguka jengo zima mpaka akaikuta feni imesahaulika ikipuliza ghalani na taa nne za stoo zikiwaka, na mashine ya kukaushia ikizunguka tupu. Hakumtaja aliyesahau. Aliandika tu daftarini: *Leo tulilala*. Haikutokea tena.

*

Siku ya mwisho ya mwezi uliotajwa, meneja alikuja saa saba, wakati wa kula. Mzee Mstari alikuwa amesimama ukumbini mbele ya mita, saa mkononi. Wapiga pasi wake saba walikuwa uani, wakila katika kivuli cha mashuka. Waliijua siku hiyo ni siku gani. Vicheko vyao vilikuwa vifupi kuliko kawaida.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja, nahesabu."

Alingoja. Alama nyekundu ilikuwa imejificha nyuma ya kisahani. Ilichukua muda mrefu kujitokeza, kama bibi harusi anayetolewa ndani. Ilijitokeza, ikapita polepole, ikaingia tena.

"Mmoja," mzee alisema. "Na huo ni wa pipa la maji ya moto lenye blanketi. Sasa sema."

Meneja alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu za namba mpaka chini.

"Tumerudi kwenye yuniti za miaka mitatu iliyopita," alisema. "Hata chini yake kidogo. Nguo ni zilezile. Wateja ni walewale."

"Na chumba changu?"

Meneja alifunga daftari. Alisogea karibu, akainua kidevu.

"Nitazame uso, Baba Mdogo."

Mzee Mstari aliutazama. Alikuwa na macho ya baba yake, na leo yalicheka.

"Umenyooka," alisema.

"Basi usiupige pasi. Utapoteza umeme."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Meneja alitoka uani kuwapa wenzake habari, na vicheko vya huko vikawa virefu, na kelele za Mrefu zikawa juu ya zote.

Mzee Mstari alibaki peke yake kidogo. Aliingia katika chumba chake chenye pasi nane zilizolala. Ukutani, maneno ya kaka yake yalikuwapo bado, MOTO USIFE. Hakuyafuta. Chini yake, kwa rangi nyeupe na kwa mwandiko wake ulionyooka, alikuwa ameongeza mstari mmoja wiki iliyopita: WALA USIWAKE BURE.

Aliisoma mistari yote miwili kwa pamoja, wa kaka na wa kwake.

"Haufi," alijibu kwa sauti ndogo. Kisha akafunga mlango, akaenda kula na wenzake.